Bai za Fundi Redio

Fundi wa makochi ambaye karakana nzima ilimwita Redio alikuwa mtu asiyejua kuaga. Kutamka bai aliitamka, tena kuliko mtu mwingine yeyote, ila kwake neno hilo halikumaliza kitu. Atasimama jioni, ajipanguse vumbi la sponji kwenye suruali, aseme, "Haya jamani, mimi ndiyo natoka, bai," halafu ashike mwimo wa mlango na kuanzisha kisa kipya cha mteja aliyeleta kochi lenye panya ndani. Kwenye simu ndiyo usiseme. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya mahoteli, alikuwa akimsikia ndani anasema bai, anakwenda kuinjika maji, maji yanachemka, anarudi na vikombe, na mumewe yuko palepale: "Haya basi, bai. Ila ngoja, hivi yule jirani yenu..."

"Bai yako ya ngapi hiyo?" mkewe alikuwa akimuuliza.

"Hiyo ilikuwa ya kupasha moto."

Watu walimpenda kwa hilo, na siku wakiwa na haraka walimkimbia kwa hilo hilo. Seremala aliyefanya naye kazi benchi kwa benchi, yeye akitengeneza fremu na Redio akizivika sponji na kitambaa, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "leta hiyo". Redio alimbandika jina la Bubu, na jina likamganda.

Ugonjwa ulimpata Redio asubuhi, siku ya mapumziko, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga vifungo vya shati, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa anaongea na binti yao wa pekee, ambaye aliolewa mji wa mbali na alikuwa na mtoto mchanga anayeota meno. "Haya mwanangu, bai," alisema. "Bai, bai." Binti akasubiri kisa kinachofuata, kwa kuwa alimjua baba yake. Kisa hakikuja. Alisikia simu ikianguka, kisha akasikia kitu kizito kuliko simu. Yeye ndiye aliyempigia mama yake, aliyekuwa nje anaanika nguo, akamwambia akimbie ndani.

Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mdomo ukavutwa upande. Hospitali walimpokea mapema, na kwa hilo wote walishukuru. Alipozinduka sawasawa alimwona mkewe kwenye kiti cha plastiki, amejikunyata, bado amevaa kandambili za kuanikia nguo. Alitaka kumuuliza kama amekula. Swali lilikuwa limenyooka kabisa kichwani mwake, halikuwa na kasoro yoyote. Akafungua mdomo.

"Bai," alisema.

Alishangaa mwenyewe. Akameza mate, akajaribu tena, polepole, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Bai." Mkewe alijiziba mdomo kwa kiganja. Redio akaona macho ya mkewe yanajaa machozi, akataka kumwambia aache kulia, hajafa, na kilichotoka kilikuwa ni hichohicho, safari hii mara mbili.

Kulikuwa na dada mmoja mwembamba pale hospitali ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Alikaa na Redio, akamwonyesha kijiko, kikombe na picha ya ng'ombe, na vyote Redio aliviita bai. Lakini alipoambiwa aonyeshe kwa kidole ni kipi cha kunywea, alionyesha bila kusita. Dada yule akamvuta mke pembeni.

"Mama, nisikilize. Huyu anakusikia na anakuelewa vizuri tu. Maneno yake yote yapo, ila njia ya kutokea imeziba. Limebaki hilo moja linalopita, kwa hiyo kila atakachotaka kusema kitatoka hivyo. Akisema bai, usidhani anaaga."

"Sasa nitajuaje anachotaka?"

"Mtazame. Sikiliza sauti inavyopanda na inavyoshuka. Na wala msimkimbie. Atapata nafuu kidogokidogo, lakini siwezi kukuahidi ni lini."

Mke aliitikia kwa kichwa, na alikuwa na nia ya kuyakumbuka yote. Shida ni kwamba maelezo yale aliyasikia peke yake, na nyumbani walikuwa wanasubiriwa na watu wengi.

Kitanda walikihamishia sebuleni, chini ya dirisha la mtaani, ili asijione kama amefungiwa. Sebule ile ilikuwa na viti alivyovivika mwenyewe kwa masalia ya karakana, hakuna kiti kilichofanana na mwenzake: kimoja cha maua mekundu, kingine cha mistari, kingine cha ile ngozi ya bandia inayogandia mapajani wakati wa joto. Siku ya kwanza viti vyote vilijaa. Dada yake mkubwa, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliinama kitandani akamshika mashavu.

"Mdogo wangu! Unanijua?"

"Bai," Redio alimjibu. Alimaanisha, nikujue mara ngapi, wewe uliyenilea?

Dada mtu akainuka taratibu. Akawageukia watu. "Mmesikia? Anatuaga. Jamani, ndugu yangu anatuaga!"

Mke alijaribu kusema kwamba sivyo, hospitali wameeleza, lakini nani wa kumsikiliza. Simu zilipigwa. Hata waliokuwa kazini walikuja. Dirisha lilifungwa ili mgonjwa asipigwe na upepo, pazia likavutwa, na chumba kikawa kama tanuri. Redio alikuwa analoa jasho. Shemeji mmoja mnene alikaa ukingoni mwa kitanda juu ya mguu wake mzima, ule wa kushoto, akawa analia kwa kuyumbayumba.

"Bai!" Redio alilia kwa maumivu. "Bai! Bai!"

"Tunakusikia," shemeji alisema kwa kwikwi. "Nenda kwa amani. Mkeo tutamwangalia."

Kila alivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kulia, na kila walivyolia ndivyo shemeji alivyozidi kuuelemea ule mguu. Mwishowe Redio aliishiwa nguvu, akafumba macho. Chumba kikanyamaza. Dada mkubwa akapiga magoti. Ndipo Redio akaanza kukoroma, ule mkoromo wake mnene wa siku zote, na watu wakabaki wanatazamana. Mtu mmoja karibu na mlango alishindwa kujizuia, akacheka kwa puani, akatoka nje. Wengine wakaanza kutafuta viatu.

Kama wangekasirika ingekuwa afadhali. Waliona haya. Wengi wao walikwisha kumwambia Redio yale ambayo mtu humwambia anayekufa, na sasa hawakujua watamtazama vipi akiwa hai. Wiki zilizofuata walikuja mmojammoja, wakasimama zaidi ya kukaa. Mgeni atasema, "Pole, fundi, unaendeleaje?" Redio atajibu, "Bai." Mgeni atatabasamu, ataangalia saa ya ukutani, atasema, "Haya basi, ngoja tukuache upumzike." Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Sikio lilikwisha kuzoea tangu utotoni kwamba ukiambiwa bai unaondoka, na miguu hutii kabla kichwa hakijafikiri.

Baada ya muda Redio akagundua jambo. Akifunga mdomo, wageni walikaa muda mrefu kidogo. Basi yule aliyekuwa akiongea toka anaamka hadi anazima taa alijifunza kubana midomo. Atamwona mtu dirishani, moyo utamruka, maneno yatamjaa kifuani, habari za duka la magodoro lililo ng'ambo, za kinyozi aliyegombana na mteja, kila alichokiona tangu asubuhi, na atayameza yote. Wageni wakasema nyumbani kwao, "Redio siku hizi hata kuongea haongei, amekata tamaa." Wakapungua zaidi.

Mkewe alirudi kazini, kwa kuwa ilibidi. Asubuhi alimwogesha, alimvalisha, akamwekea chupa ya chai na mkate upande wa mkono wa kushoto, na simu juu ya kiti cha mistari. Jioni alirudi ana harufu ya mvuke na nguo mbichi, vidole vimemvimba. Alijitahidi. Alimtazama mumewe machoni kama alivyoelekezwa, akawa anabahatisha: "Maji? Mto? Unaumwa? Dirisha?" na mara nyingi alipatia, kwa kuwa mahitaji ya mtu aliyelala si mengi. Lakini Redio alipohitaji kitu kisichokuwa maji wala mto, alipotaka tu kumuuliza amepitaje siku yake, mkewe aliyataja yote, maji, mto, dawa, choo, kisha akashika kiuno akasema, "Sijui, baba. Nisamehe. Leo sijui." Na alikwenda jikoni akajifanya anaosha kitu. Kuna neno moja ambalo yeye mwenyewe aliacha kulitumia mle ndani. Akitoka asubuhi alisema, "Nimekwenda." Alihisi kwamba akilisema lile la mumewe, ni kama anamcheza shere.

Simu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Wateja wa zamani walipiga. "Fundi? Lile kochi langu..." "Bai." "Ah, samahani, kumbe uko na shughuli," na simu inakatwa. Mtu wa kwenye simu haoni macho, haoni mkono unaopunga kumzuia. Redio alibaki amekishika kile kidude sikioni muda mrefu baada ya sauti kukatika.

Binti alipiga kila jioni mama yake akiwepo. Alijitahidi sana, maskini. "Shikamoo, baba." "Bai." Neno hilo kutoka kwa baba yake, kwenye simu, lilimrudisha kwenye asubuhi ile. Ataongea haraka haraka, za meno ya mtoto, za mvua, za mumewe, kisha ataomba kuongea na mama. Redio alimwelewa, na hakumlaumu.

Jioni moja simu ikawa mikononi mwa mjukuu. Mama yake alikuwa anapika, akampa aichezee akiwa amefungua sauti. Mjukuu alikuwa na umri wa kuanza kutembea kwa kushika kuta, na neno lake la kwanza, kama la watoto wengi, alifundishwa kwa kupungiwa mkono mlangoni.

"Bai," mtoto alisema.

Redio akainua kichwa kwenye mto. "Bai," alijibu.

"Bai?"

"Bai, bai."

Mtoto akacheka kwa nguvu. Huyu hakukata simu wala hakuaga. Alirudia neno, akalivuta, akalikatisha, akaliimba, na babu naye akalifuata, akaliuliza, akalijibu, akalikasirikia kwa utani. Mke alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Upande wa pili binti alizima jiko. Wale wawili walizungumza hadi mtoto akalala na simu shavuni.

Kuanzia hapo Redio alikuwa na kitu cha kungojea. Kila jioni alijiweka sawa kwenye mito, akachanwa nywele, kana kwamba simu ina macho. Walisikilizana kabisa, babu na mjukuu. Ila mtoto ni mtoto, hakai mahali pamoja. Siku moja akasema "babu", na nyumba zote mbili zikashangilia. Akasema "njoo". Akasema "sitaki". Muda si mrefu akawa anasema, "Babu, nimeona mbwa, mbwa mkubwa, amelala," na babu anajibu, "Bai." Mtoto akangoja. "Babu, sema mbwa."

"Bai."

"Siyo bai. Mbwa."

Redio alijaribu mpaka shingo ikamkaza. Mtoto akachoka, wakamsikia akiiweka simu chini na kukimbilia mambo yake, na binti akaja kuichukua akisema, "Msamehe baba, ni utoto." Redio alifurahi kwamba mjukuu anaongea vizuri. Usiku huo alikataa chakula, na mkewe hakumlazimisha.

Bubu alikuja kipindi hicho. Hakuwa amefika tangu ile siku ya vilio, alipokuwa ndiye yule aliyecheka mlangoni. Aliingia baada ya kazi, amebeba mfuko wa miguu ya viti, akatandika gazeti sakafuni, akakaa kwenye kiti cha maua na kuanza kuisugua kwa msasa. Hakusema pole. Mke alimkaribisha chai, akaitikia kwa kichwa.

Redio alimtazama kwa muda amebana midomo, kama alivyojizoesha. Lakini harufu ya vumbi la mbao ilimshinda.

"Bai," alisema.

Bubu aliinua macho. "Bai," akajibu, akaendelea kusugua.

Redio alisubiri ainuke. Hakuinuka. Alimaliza mguu mmoja, akaukagua mwangani, akachukua mwingine. Redio akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya kuuliza. Bubu akatikisa kichwa. "Hapana. Yule bosi hajabadilika," alisema. Na kweli, Redio alikuwa ameuliza habari za karakana. Pengine ilikuwa bahati tu. Hata hivyo, maneno yaliyokuwa yamekaa kifuani tangu sijui lini yakaanza kumwagika, bai juu ya bai, za hasira, za kuchekesha, ndefu na fupi, na Bubu anasugua miguu yake ya viti, kila mara anaguna au anasema "ehe".

Alipotoka, mke alimsindikiza hadi nje. Dirisha lilikuwa wazi.

"Shemeji, kwani wewe unamwelewa?"

Bubu alijikuna kidevu. "Usimwambie," alisema. "Miaka yote ile sikuwahi kusikiliza maneno yake. Alikuwa anaongea mno. Nilikuwa nasikiliza sauti tu, inanisaidia kupiga randa."

Redio aliyasikia yote kutoka kitandani. Mkewe alipoingia alimkuta anacheka, bega la upande mzima linaruka, machozi yanamtoka, akadhani amezidiwa.

Bubu akawa anakuja jioni nyingi. Hakuja kila siku, na hakusema lini atakuja. Alileta viungo vya fremu avionyeshe, na Redio alivipapasa kwa mkono wa kushoto, akikuta pengo anafoka, "Bai, bai, bai!" na Bubu anasema, "Nimeona, nimeona, usipige kelele." Alimletea nyundo ndogo na stuli ya majaribio, Redio akajifunza kugongelea misumari kwa mkono wa kushoto huku Bubu amemshikilia kitambaa. Stuli ilitoka imepinda, kitambaa kimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa ghafla. Waliiweka katikati ya sebule. Mke alikuja kuikalia akitoka kazini na kusema hajapata kukalia kitu kizuri namna ile, na Redio akamwambia neno lake kwa sauti ambayo hata yeye mke hakuhitaji kubahatisha.

Kisha mwenye karakana akaiuza. Siku hizi watu walinunua makochi yaliyokwisha tengenezwa, yanakuja ndani ya maboksi, unafunga miguu mwenyewe nyumbani. Bubu alipata kazi ya kutengeneza madawati ya shule katika mji mwingine, siku nzima ya safari, atakaa kwa mtoto wa kaka yake. Alikuja kulieleza hilo jioni, bila mfuko wa miguu ya viti, amevaa shati la kutokea. Redio alipoiona mikono yake mitupu alijua kuna jambo.

"Kesho nasafiri," Bubu alisema. Akaeleza habari ya karakana na ya madawati. Kwa mtu kama yeye ilikuwa hotuba.

"Bai?" Redio aliuliza.

"Moja kwa moja. Sijui kama nitarudi. Sitaki kukudanganya."

"Bai," Redio alisema kwa hasira, akageuzia uso ukutani.

"Najua," Bubu alisema.

Walikaa. Nje watu walikuwa wanafunga maduka, milango ya bati inaburuzwa. Bubu hakuwa na cha kushika mikononi, akawa anazichezea nyuzi za kiti. Baadaye alisimama, akasogeza stuli ili mtu asije akajikwaa, akaenda mlangoni.

Ndipo Redio akageuka. Alitaka kumuaga. Hakutaka kumwambia kitu kingine, si maji, si hasira, si utani. Alitaka kusema bai ile ile wanayosema watu wote, kwa maana yake yenyewe, ili mwenzake aende nayo. Akafungua mdomo na neno halikuwepo. Lilikuwa linatoka lenyewe kila alipotafuta lingine, na leo alipolitafuta lenyewe likamkimbia. Akakaza shingo. Midomo ikakutana tayari kuanza, ikabaki imekutana. Mkono wa kushoto ulipanda hewani, macho yakamtoka, na sauti haikuja hata kidogo.

Bubu alisimama mlangoni akasubiri. Kimya hakikuwahi kumsumbua mtu yule maishani mwake, na hakikumsumbua jioni ile. Alipoona mwenzake anatweta, alirudi hatua chache, akaushika ule mkono ulioinuka, akaushusha taratibu juu ya shuka.

"Usijitese," alisema. "Hiyo umeshaniambia mara nyingi."

Akatoka. Redio alimsikia akivuka barabara, akasikia mtu akimsalimia, na yeye kama kawaida yake hakujibu kitu.

Baada ya siku ile hata bai ilikatika. Asubuhi mke alimvalisha kimya, jioni alimvua kimya. Binti alipiga simu akasikia pumzi tu. Mke aliyekuwa akiona ni mateso kulisikia neno lile moja kutwa kucha, sasa alijikuta anatega sikio akiwa jikoni, anapunguza maji ya bomba, akidhani amelisikia. Alikwenda hospitali kumtafuta yule dada mwembamba, akaambiwa amehamishwa. Aliyekuwepo alimwambia wamlete, na walipomleta alisema waendelee kumsemesha. Basi mke alimsemesha. Alimweleza habari za mashuka, kwamba mahoteli mengine yanaleta mashuka yenye matundu ya sigara na kuwasingizia wapiga pasi, habari ambazo miaka yote hakuwahi kumweleza kwa kuwa mumewe ndiye aliyekuwa akishika zamu yote ya maongezi. Redio alimsikiliza. Hakujua kwamba mkewe alikuwa na visa vingi namna ile.

Ikaja asubuhi moja ya manyunyu. Mke alikwisha mwandalia chai, alikwisha vaa, alikuwa anatafuta mwavuli nyuma ya mlango. "Nimekwenda," alisema.

"Bado," Redio alisema.

Mke aligeuka na mwavuli mkononi. Redio mwenyewe aliganda. Neno lilikuwa limepita bila kubisha hodi, na wote wawili waliliogopa kidogo.

"Umesema nini?"

Alibana midomo, akaogopa kuligusa lisije likakimbia kama lile jingine. Kisha likatoka tena. "Bado."

Mke alikaa kwenye stuli iliyopinda, mkoba magotini, mwavuli ukiwa bado na unyevu wa jana. "Bado nini, baba? Chai bado? Dawa bado?" Alikuwa anacheka na anajifuta macho kwa wakati mmoja. "Nisiondoke bado?"

"Bado," Redio alisema. Hakujua ni lipi kati ya hayo. Pengine yote.

Mkewe alikaa. Hakutoa mkoba magotini wala hakuuweka chini. Waliyatazama manyunyu yakipiga kioo, na kinyozi wa ng'ambo akifungua duka lake. Msimamizi wa kule kazini hakuwa mtu wa kuelezwa habari za neno moja, na mke alilijua hilo, na Redio alilijua pia. Muda ulipozidi kwenda, mke aliinuka, akampapasa shavu lile lililokufa ganzi, kisha akakumbuka, akampapasa la pili.

"Jioni utaniambia tena," alisema. "Usilisahau."

Mlango ulifungwa. Redio alimwona akipita chini ya dirisha, mwavuli umemfunika kichwa, akamfuata kwa macho hadi ukuta wa duka la magodoro ukamficha. Nyumba ilikuwa kimya. Akageukia vile viti visivyofanana, vyote vitupu, akaanza kulisema, kwa sauti ndogo kwanza, akilichunga lisipotee, kwa kiti cha maua, kwa kile cha mistari, kwa stuli. Bado. Bado. Chai ilipoa kwenye kikombe. Alilisema mpaka koo likamkauka, akapumzika, akaogopa, akaanza upya. Mkewe aliporudi jioni, kabla hajavua hata viatu, alilikuta lipo.